Maswali na majibu: Java, JavaScript na zile plagini za zamani

Maswali ya safari hii karibu yote yanagusa kitu kimoja, skripti ya brauza inaongeaje na programu iliyoandikwa kwa lugha nyingine. Plagini ni programu ya kuongezea brauza uwezo, na apleti ni programu ndogo ya Java inayokaa ndani ya ukurasa. Nayajibu kama yalivyokuja.

Shikamoo mwalimu. Nasoma diploma hapa Mbeya, kwenye noti tumepewa apleti yenye import netscape.javascript.JSObject, nimekopi vilevile ila brauza inaleta ukurasa mweupe tu. Nakosea wapi?

Marahaba. Hujakosea popote, noti ndo zimezeeka. Hiyo kitu ni LiveConnect, Netscape waliileta na Navigator 3 mwaka 1996 ili JavaScript ya ukurasa, apleti za Java na plagini viweze kuitana. JSObject ndo ilikuwa mlango wa upande wa Java: getWindow inakupa dirisha la ukurasa, getMember inasoma, setMember inabadilisha, call inaita fankisheni, eval inaendesha kipande cha skripti, na JavaScript ikigoma unarushiwa JSException. Kwenye tagi ya apleti mwenye ukurasa alitakiwa aandike MAYSCRIPT, bila hiyo apleti hairuhusiwi kugusa skripti zake. Watengeneza plagini nao walikuwa na klasi yao, netscape.plugin.Plugin, unairithi, unaongeza metodi zako, skripti inaziita.

Sasa plagini yenyewe ya Java ilikuja kukaa juu ya NPAPI, yaani njia ya zamani ya kuunganisha plagini na brauza, na NPAPI brauza zimeshaing'oa. Chrome waliitoa toleo la 45, Septemba 2015, Firefox wakafuata na toleo la 52 Machi 2017 wakabakiza Flash peke yake, halafu JDK 11 (kifurushi cha kutengenezea programu za Java) ya mwaka 2018 ikatoka haina kabisa plagini ya Java. Kwa hiyo hata ukeshe, hiyo apleti haifunguki kwenye brauza yoyote ya kawaida ya sa hivi. Walimu wenzangu mnaosoma hapa nawaomba sana, hizi noti tuzirekebishe, mwanafunzi anamaliza bando lake kutafuta kosa ambalo halipo.

Lakini usizitupe, maana JSObject ileile bado inapiga kazi ndani ya WebView ya JavaFX, yaani kisanduku cha kuonyesha ukurasa wa wavuti ndani ya programu ya Java. Ukurasa ukishamaliza kupakia, unaiambia injini executeScript("window"), inakurudishia JSObject, unafanya setMember("daraja", kitu) na skripti yako inaita daraja.salamu() moja kwa moja. Klasi na metodi ziwe public. Na hicho kitu kishikilie kwenye fildi ya klasi yako, kwa sababu injini inakishika kwa rejeo dhaifu, ukikiacha kwenye variabo ya ndani ya metodi Java inakuja kukifagia kwenye memori, mara ya kwanza inakubali baadae skripti inakaa kimya na hujui kwa nini. Hapo wengi wanakwama.

Kaka, Java na JavaScript si ni familia moja? Mwenzangu anabisha. (Iringa)

Mwenzako yuko sahihi. Java ilitengenezwa na Sun Microsystems, JavaScript aliiandika Brendan Eich pale Netscape mwaka 1995, ikaitwa LiveScript kabla hawajaibadilisha jina Desemba ile ile kibiashara. Ndo maana hata LiveConnect ilibidi itafsiri data kila ikivuka, namba ya JavaScript ikifika Java inaweza kuwa java.lang.Double hata kama uliandika 5.

Ofisini kwetu Makambako kuna mfumo unadai plagini ya Java. Fundi anataka atuwekee brauza ya zamani, ni sawa?

Hapana, kama hiyo kompyuta ina intaneti msikubali. Plagini ilikuwa ni kama mgeni uliyempa funguo za vyumba vyote, ikishapata upenyo inafika mpaka kwenye mafaili yenu. Januari 2013 ilipatikana shimo kwenye Java ambalo wezi walikuwa tayari wanalitumia, mpaka serikali ya Marekani ikashauri watu wazime Java kwenye brauza. Kama mfumo ni wa lazima, itengeni kompyuta moja isiyogusa mtandao wa nje, hamisheni data, na muulizeni aliyewauzia mfumo lini anaubadilisha. Kama ulitengenezwa kwa ajili ya Internet Explorer jaribuni kwanza hali ya IE iliyopo ndani ya Edge, Microsoft wamesema wataihudumia angalau hadi 2029.

Ekstensheni nazo si plagini tu?

Ekstensheni inaandikwa kwa JavaScript na inaomba ruhusa kwa majina, plagini ilikuwa programu kamili ya mashine. Ukitaka ekstensheni iongee na programu ya kwenye kompyuta, mfano ya kusoma mzani wa kahawa au mashine ya risiti, unatumia native messaging: brauza inaiwasha programu yako na mnaandikiana JSON (data iliyopangwa kama maandishi), kwa Chrome ujumbe mmoja kutoka kwenye programu hauzidi MB 1.

Nina klasi zangu za C++, nawezaje kuziita kutoka kwenye skripti bila plagini? (Tukuyu)

WebAssembly, yaani msimbo uliokwisha kompailiwa unaoendeshwa ndani ya brauza. Ilikuwa kwenye brauza zote kubwa kufikia mwisho wa 2017, na Desemba 2019 W3C, shirika la viwango vya wavuti, wakaipitisha kuwa kiwango rasmi. Chukua Emscripten, kompaila ya kugeuza C++ kuwa WebAssembly, ndani yake kuna Embind, unaitangaza klasi yako kwa class_ pamoja na constructor na function zake, ukishakompaili JavaScript inasema new Module.Mzani() kama klasi ya kwake. Ila kumbuka kuita .delete() ukimaliza, kwa sababu memori ya C++ haifagiwi yenyewe, na kwenye simu zenye RAM ndogo utaona ukurasa unajifunga. Anza na klasi moja yenye metodi mbili, ikikubali ndo uhamie kwenye zile kubwa.