Jibu: Nimebuni mwenyewe, nawezaje kushtakiwa?

Ndugu, umeuliza kama unaweza kushtakiwa kwa kuvunja hataza (patent, yaani haki ya kisheria ya pekee juu ya uvumbuzi) ya mtu ambaye bidhaa yake hujawahi hata kuiona. Unaweza. Kujitetea kwamba "nilibuni mwenyewe" kuna nguvu kwenye hakimiliki. Kwenye hataza kwa kawaida hakukuokoi.

Mahakama huchukua madai yaliyoandikwa kwenye hataza, yaani maelezo ya kile hasa kinacholindwa, na kuyalinganisha na bidhaa yako kipengele kwa kipengele. Dai likitaja mfuniko wenye bawaba na springi, na wako una bawaba tu, bila springi wala kitu kinachofanya kazi yake, mara nyingi umepona. Kwa hiyo achana na michoro kwanza, soma madai. Au ishambulie hataza yenyewe: ukithibitisha ubunifu huo ulishachapishwa kabla ya ombi lao, inaweza kubatilishwa.

Alama ya biashara ni habari nyingine. Huko huulizwa zaidi kama mnunuzi atachanganyikiwa.

Ila barua ya wakili wa mwenye hataza usiipuuze. Kampuni ya kamera ya Polaroid iliishtaki mwenzake Kodak mwaka 1976 kwa kuvunja hataza zake. Kodak ilishindwa, ikaacha kamera za picha za papo hapo mwaka 1986, na mwaka 1991 ikalipa dola milioni 925.