Umetoka Windows umeingia Mac? Achana na ile listi ndefu

Wengi wakihamia Mac wanatafuta listi ya shotikati zote za kibodi, wanaiprinti, wanabandika ukutani halafu basi, hawaiangalii tena. Mi nakushauri piga kazi zako kama kawaida, ukikwama sehemu tafuta hiyo moja tu, itumie kutwa nzima mpaka ikukae, kesho nyingine. Na mwalimu yupo humohumo, fungua menyu yoyote juu ya skrini utaona amri nyingi zimeandikiwa shotikati zake pembeni, ⌘ ni Command, ⌥ ni Option, ⇧ ni Shift, ⌃ ni Control.

Za kukopi, kupesti, kusevu, kutafuta, herufi ni zilezile, ila badala ya Ctrl ni Command. Kinachosumbua ni mkono sio kichwa, maana Ctrl ulizoea kuibonyeza na kidole cha mwisho kule pembeni, Command iko jirani na spesi kwahiyo ni kazi ya dole gumba. Lazimisha dole gumba tangu siku ya kwanza.

Sasa zile zinazofanana nusu ndo zinazotesa watu. Mfano unataka kuhamisha faili, unakati kwa Command+X kama ulivyozoea, hola. Kwenye Finder (programu ya mafaili ya Mac) unakopi kwanza kwa Command+C, unaenda kwenye folda unayotaka, unabonyeza Command+Option+V, faili linahama. Enter nayo haifungui faili, inabadilisha jina (eti), kufungua ni Command+O. Halafu ukifunga dirisha kwa Command+W programu nyingi zinabaki wazi, kuzima kabisa ni Command+Q, na Q imekaa ubavuni mwa W kwahiyo taratibu.

Command+Tab inaruka kati ya programu, sio madirisha, kwahiyo kama una dokumenti mbili kwenye programu moja utazunguka weee hupati ya pili. Hapo ni Command na kitufe cha `, kwenye kibodi za Kimarekani kiko juu ya Tab.

Kwa wanaoandika sana, kuruka neno kwa neno ni Option na mshale, mwanzo au mwisho wa mstari ni Command na mshale, ongeza Shift kama unataka kuchagua maneno. Ukitumia Control na mshale wa kulia au kushoto kwa mazoea, skrini nzima inaweza kuteleza kwenda desktop nyingine, usishtuke, rudi na mshale wa upande wa pili.

Kuna watakaokwambia ingia kwenye settings ubadilishane Control na Command yaishe. Kama kila siku unatumia mashine zote mbili sawa, inasaidia, ila kama umehama moja kwa moja mi siipendi, na ukiwa mtu wa Terminal (ile programu ya kuandika amri) ndo kabisa, kule Control+C inasimamisha programu na Command+C inakopi, kila moja na kazi yake, raha tupu.

Skrinshoti ya kipande ni Command+Shift+4, picha inaenda desktop, ongeza Control kama unataka kuipesti tu. Programu ikiganda usihangaike na Ctrl+Alt+Delete, bonyeza Command+Option+Esc, chagua iliyoganda, Force Quit, endelea na kazi.