Ili tupate mkopo wa halmashauri, ni lazima tuwe NGO?

SWALI: Sisi ni kikundi cha watu watano Morogoro mjini, wote tuna ulemavu: wawili ni viziwi, watatu tuna ulemavu wa viungo. Tunashona sare za shule, na tunawafundisha ushonaji vijana wenye ulemavu waliokosa kazi. Kuna mtaalamu ametuambia serikali inatoa fedha kwa biashara za kijamii kama yetu, ila kwanza tusajiliwe kuwa NGO, kisha atuandikie andiko la kuomba milioni 6, kwa malipo ya shilingi 350,000. Tumeshampa 100,000. Tuendelee naye? (Katibu wa kikundi)

JIBU: Ndugu Katibu, msimwongeze hata shilingi moja.

Fedha anazozizungumzia ni mikopo ya asilimia 10. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hili limo kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa tangu marekebisho ya mwaka 2018, na anayekopeshwa ni kikundi, wala si NGO. NGO chini ya sheria ya 2002 haigawani faida, na kila mwaka inadaiwa taarifa ya kazi na hesabu zilizokaguliwa. Ninyi mnashona ili mpate kipato. Mkijisajili NGO mtakuwa mmejitwika gharama ya mkaguzi wa hesabu kabla hamjanunua jora la kwanza.

Njia yenu inaanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Pelekeni katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao uliosainiwa na wote watano, nakala za vitambulisho, na akaunti ya benki yenye jina la kikundi. Maombi huingizwa kwenye mfumo wa Wezesha Portal, yakapita kamati ya kata, kisha ya halmashauri. Kuomba ni bure.

Sasa nije kwenye kinachoniumiza zaidi. Neno "biashara ya kijamii" limewafanya watu waamini kwamba kwa kuwa lengo ni jema, serikali inatoa zawadi. Huu ni mkopo. Hauna riba, lakini unarudi wote, na unaporudi ndipo kikundi kinachofuata kinapata. Aprili 2023 serikali iliisimamisha mikopo hii nchi nzima baada ya ripoti ya CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali, kuonyesha marejesho yasiyofanyika na vikundi hewa. Ilirejea 2024 kwa kanuni mpya. Katika kipindi hicho chote vikundi vilivyokuwa vikilipa vizuri navyo vilikaa bila mtaji.

Ndiyo maana hiyo milioni 6 ya kwenye andiko inanitia shaka. Imetoka wapi? Tufanye hesabu kwa bei za mfano, kisha mziweke zenu. Sare moja mnauza 18,000. Kitambaa, uzi, vifungo na zipu 10,500. Ujira wa fundi 3,000. Umeme na usafiri 1,000. Kinabaki 3,500. Mkopo wa milioni 6 ukilipwa kwa miezi 12 ni 500,000 kila mwezi, yaani sare 143 kila mwezi kwa ajili ya deni tu, kabla kikundi hakijabakiwa na senti. Desemba na Januari mnaweza kuzifikisha, na kidogo Juni kuelekea Julai shule zinapofunguliwa. Machi na Aprili nani ananunua sare? Mkopo wa milioni 3 unadai sare 72 kwa mwezi, na hizo nazo zinahitaji kazi ya kuziba miezi mikavu: mashuka, mapazia, aproni.

Kosa la pili ni kumaliza fedha yote kwenye vyerehani. Kikundi kinanunua mashine nne mpya, kinapiga picha, kisha hakina hela ya kitambaa. Kwa kazi yenu, mashine moja ya kufunga kingo ikiongezwa kwenye vyerehani mlivyonavyo inatosha kuanzia. Sehemu kubwa ya fedha ibaki kwa ajili ya vitambaa, vinunuliwe kabla ya Novemba bei haijapanda.

Kuna jambo andiko la kununua haliwezi kulitatua hata kidogo. Afisa atakuja kuwaona, na atauliza hizo hesabu kwa kila mwanachama, si kwa katibu peke yake. Ombeni mapema mkalimani wa lugha ya alama, siku ya mahojiano na siku ya kusaini mkataba. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 iko upande wenu. Mara nyingi wanachama viziwi huonyeshwa tu mahali pa kusaini, wanasaini deni wasilolielewa, na saini za benki zinabaki mikononi mwa wawili wanaosikia. Kikundi kilichoundwa kupambana na kutengwa kinakuwa kimewatenga watu wake chenyewe. Kiziwi mmoja awe mtia saini wa akaunti.

Baadaye, mkishatulia, kuna zabuni. Sheria ya Ununuzi wa Umma inatenga asilimia 30 ya manunuzi ya taasisi za umma kwa makundi maalumu, watu wenye ulemavu wakiwemo, kupitia NeST, mfumo wa serikali wa zabuni za mtandaoni. Mashuka ya hospitali yanawafaa. Mtahitaji TIN, yaani namba ya mlipakodi, ambayo TRA hutoa bila malipo. Ila serikali hulipa baada ya kupokea mzigo, na malipo yanaweza kuchelewa. Msichukue oda inayomeza mtaji wote wakati marejesho yanawasubiri kila mwezi.

Kwa vikundi vingine vinavyosoma hapa: vishoka hawa huibuka kila halmashauri inapotangaza mikopo. Wana andiko moja, wanabadilisha jina la kikundi na mtaa. Wengine wanawakusanya watu wasiofahamiana, wanawaundia kikundi ndani ya wiki, fedha ikitoka wanachukua fungu lao na kila mtu anaondoka na bahasha yake. Mkataba mmesaini wote, kwa hiyo deni ni lenu hata kama hela aliila yeye. Akiwaambia kuna afisa wa kumpoza ili jina lipite, hiyo ni rushwa: pigeni TAKUKURU 113, ni bure.

Ile 100,000 mdaini kwa maandishi. Kama mlituma kwa simu, msifute ujumbe wa muamala, na nakala mpeni Mtendaji wa Kata siku mnapopeleka katiba.