Ukiapdeti kerneli bila kuiributi seva, bado hujajikinga

Wadau wa seva, kila nikikabidhiwa mashine za watu naambiwa "tumeshaapdeti", mimi kitu cha kwanza naandika uname -r nione kerneli (kiini cha Linux kinachoendesha mashine) inayotembea sasa hivi ni ipi. Mara nyingi pachi ipo kwenye diski ila mashine bado inatembea na ya zamani, kisa hakuna aliyetaka kuizima hata dakika mbili.

Chukua SACK Panic, tundu la usalama la kerneli ya Linux lenye namba CVE-2019-11477. Jonathan Looney wa Netflix ndo aliigundua, ikatangazwa Juni 17, 2019, na inagusa Linux kuanzia 2.6.29 ya mwaka 2009, yaani tundu lilikaa miaka kumi! Mshambuliaji anafungua koneksheni ya kawaida tu ya TCP (njia ya kutuma data mtandaoni kwa vipande), paswedi haihitajiki, anaiambia seva itume vipande vidogo kabisa, MSS (ukomo wa ukubwa wa kipande kimoja) ya baiti 48, na opsheni za TCP zinaweza kula 40 kwahiyo data zinabaki baiti 8. Halafu anarudisha SACK, zile taarifa za kipi kimefika na kipi bado, kwa mpangilio anaoutaka yeye, kerneli inaanza kuunganisha vipande kwenye furushi moja lenye hadi fragimenti 17 za KB 32, gawanya kwa baiti 8 unapata vipande 69,632, wakati kihesabio cha vipande ni cha biti 16 na mwisho wake 65,535. Kinafurika, kerneli ikijikagua inakuta hesabu haiwezekani, inapaniki, seva nzima chini.

Kinga ya haraka ilikuwa kuweka net.ipv4.tcp_sack=0, yaani kuizima SACK, na ni kinga ya kweli. Kinachoniumiza ni kuikuta bado iko 0 miaka baadaye, na kerneli ni ileile. Bila SACK, paketi kadhaa zikipotea seva haijui vizuri zipi zimefika, inarudia na zilizokwishafika, na wateja wetu wengi wako kwenye data za simu ambako kupotea kwa paketi ni kila siku, kwahiyo faili kubwa kushuka inakuwa mateso na lawama zote anapewa mtu wa intaneti.

Wengine walizuia MSS ndogo kwenye faiawoli, sawa, ila hakikisha na tcp_mtu_probing (seva kujipimia yenyewe ukubwa wa paketi) iko 0, la sivyo kinga ina pengo.

Ushauri wangu: siku unayoweka kinga ya muda, siku hiyohiyo kubaliana na bosi tarehe na saa ya kuributi, kwa maandishi. Ikiwaka, uname -r tena, kisha pitia /etc/sysctl.conf na /etc/sysctl.d uifute ile tcp_sack=0, maana isipofutwa inarudi kila mashine ikiwaka.