Kabla Hujaandika Kitendakazi cha Kupanga Safu

Wiki iliyopita kijana mmoja anayesoma hapa Dodoma aliniandikia kwamba anaunda lugha yake ndogo ya programu na amefikia kupanga safu, yaani kuiweka orodha ya vitu kwa mfuatano, akauliza kama Quicksort, mbinu inayoigawa safu vipande vidogo na vidogo zaidi, inatosha. Swali hilo lilinitonesha kidonda.

Mimi nilipoandika maktaba ya lugha yangu nilitumia Quicksort, elementi (kitu kimoja cha safu) ya kwanza ikiwa egemeo, yaani ile ambayo nyingine hulinganishwa nayo ili safu igawanywe, na kwa safu zisizozidi elementi 10 nikatumia upangaji wa kupachika, unaochukua elementi moja moja na kuipachika mahali pake, ambao ni mwepesi kwenye safu fupi. Majaribio yangu yote yalikuwa na elementi nane. Yalipita, nami nikatamba.

Kisha chama kimoja cha wakulima wa zabibu kikaichukua programu yangu. Karani alikuwa na stakabadhi 20,000 ambazo tayari zilifuatana kwa namba. Akaagiza zipangwe kwa namba hizo hizo, na kompyuta ikaganda hadi chai yake ikapoa. Egemeo langu lilikuwa dogo kuliko elementi zote zilizobaki, kila mara, kwa hiyo safu ilipungua moja moja: ulinganisho karibu milioni 200, mahali ambapo laki tatu zingetosha.

Lililoniuma zaidi ni la siku ya malipo. Mama aliyefika alfajiri na kilo 340 aliorodheshwa chini ya mtu aliyefika adhuhuri na kilo hizo hizo, kwa kuwa Quicksort yangu haikutunza mfuatano wa zinazolingana. Akaniuliza, “Mwanangu, mashine yako imenirukaje?” Sikuwa na jibu. Upangaji wa kupachika hutunza mfuatano huo, ndiyo maana majaribio yangu mafupi yalinificha kosa. Baadaye nilijifariji kujua kwamba V8, injini ya JavaScript iliyomo ndani ya Chrome, ilikuwa na mpaka ule ule wa elementi 10 hadi mwaka 2018, ilipohamia mbinu nyingine ya kupanga, Timsort.

Basi, kijana wangu, anza na Timsort, aliyoibuni Tim Peters mwaka 2002 kwa ajili ya lugha ya programu ya Python. Hutafuta vipande vilivyokwisha kupangika, hugeuza vinavyoshuka, kisha huviunganisha. Stakabadhi za karani zingemalizika kwa ulinganisho 19,999. Geuza tu kipande kinachoshuka bila zinazolingana, la sivyo yule mama atarukwa tena. Wala usijiamini: mwaka 2015 watafiti walionyesha kwamba hata Timsort ya lugha ya Java ilikuwa na kosa lililoweza kuiangusha programu. Jaribu safu ndefu, iliyopangika, iliyopinduliwa, yenye thamani moja tupu.

Nimemtumia orodha ya karani, majina yakiwa yamefutwa, aanzie hapo.