Bi mkubwa mwenye presha na kisukari kwenye safari ya saa 14

Mkuu, umeuliza bi mkubwa wa miaka 72, ana presha na sukari, ajiandae vipi kwa safari ya basi kisha ndege, saa 14 jumla. Naanza na maji, maana hapo ndipo wazee wengi wanapoharibikiwa.

Mzee akijua choo kiko mbali, anaacha kunywa tangu alfajiri. Kwa umri huo kiu nayo haimjii upesi. Presha inashuka anaposimama, anapata kizunguzungu, anaanguka. Kama anameza dawa ya kukojoza, hatari inaongezeka. Asiiache kimyakimya: mwulizeni daktari mapema kama siku hiyo anaweza kuimeza akishafika. Maji anywe mafunda machache kila nusu saa, siyo nusu lita kwa mkupuo, na mkatieni kiti cha kando ya njia, karibu na choo. Ila kama moyo au figo zina shida, afuate kiwango alichopangiwa.

Bebeni pakiti za ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji kwa anayeharisha. Zikikosekana na ameanza kuharisha, changanyeni lita 1 ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa. Kijiko kikijaa kilima, chumvi inazidi na kumzidishia hali. Sukari hiyo msiiondoe kwa kuogopa kisukari. Ndiyo inayosaidia utumbo kufyonza chumvi na maji. Mpimeni tu mara nyingi zaidi. Akitapika au kuharisha sana huku anatumia metformini (vidonge vya kisukari), mpigieni daktari siku hiyohiyo, kwa sababu mwili ukikauka figo zinaweza kuumia.

Dawa zote zikae kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake, na akiba ya wiki nzima. Insulini isiende kwenye mizigo ya chini ya ndege: inaweza kuganda, na ikishaganda haifai tena hata ikiyeyuka. Barafu ya kupozea ifungwe kitambaa, isiguse chupa. Daktari aandike jina halisi la kila dawa pamoja na kipimo, kwani majina ya kibiashara hubadilika kila nchi. Mkielekea mashariki siku inafupika, magharibi inarefuka. Ratiba ya insulini ipangwe kabla ya kuondoka, siyo kukisia angani. Mkobani iwepo pia glukosi: sukari ikishuka apewe gramu 15, apimwe tena baada ya dakika 15.

Miguu sasa. Kukaa zaidi ya saa 4 kunaongeza uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Kila saa asimame atembee. Asipoweza, ainue visigino na vidole kwa zamu, mara 20, ili misuli ya mashavu ya miguu isukume damu. Dawa za usingizi aachane nazo. Soksi za kubana zinasaidia, lakini msimnunulie kabla daktari hajakagua mapigo ya damu kwenye nyayo: wenye kisukari wengi wana mishipa iliyoziba, na soksi hizo zinaweza kuwaletea vidonda.

Miguu yote miwili kuvimba kidogo ni kawaida, hupungua akilala. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, hata wiki kadhaa baada ya safari, hospitali palepale.