Anzia kwenye kisiki cha mnazi: kwa mnaoingia kwenye kesi za tabianchi dhidi ya kampuni za mafuta

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilitumwa Pangani kuchukua maelezo ya wakulima ambao bahari ilikuwa inawamalizia mashamba. Nilirudi na daftari limejaa. Mkuu wangu alisoma ukurasa wa kwanza, akaweka kidole chini ya sentensi moja, "Bahari imemeza shamba la Bibi," akaniuliza: "Imemeza hatua ngapi? Tangu lini? Nani mwingine aliona?"

Sikuwa na jibu hata moja, na Bibi, mmoja wa wakulima wale, alikuwa amenionyesha kila kitu. Tulisimama naye maji yakiwa yamekupwa, akanyoosha mkono kwenye kisiki cheusi kilichogandwa na chaza, akasema, "Mnazi ule, mwanangu, marehemu mume wangu aliupanda mwaka nilipojifungua kifungua mimba." Mwaka huo ungepatikana kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Umbali wa kutoka kisikini hadi ukingo wa sasa tungeupima kwa kamba. Mimi niliandika "imemeza" nikadhani nimemaliza kazi.

Nawaandikia ninyi mnaoanza, kwa sababu naona mnaingia kama nilivyoingia mimi: mmesoma juu ya gesijoto, mmeona mafuriko, mna hasira na kampuni zilizochimba na kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi kwa miaka mingi. Hasira hiyo ni ya haki na mtaihitaji siku za uchovu. Ila hakimu hatoi hukumu juu ya joto la dunia. Anaamua kama huyu mdaiwa amemletea madhara huyu mdai, katika mali hii.

Someni kesi ya Saúl Luciano Lliuya dhidi ya RWE mpaka muijue vizuri. Lliuya ni mkulima na mwongoza wapanda milima wa Huaraz, Peru. Juu ya mji wao kuna ziwa Palcacocha, linalojazwa na barafu inayoyeyuka. Mwaka 1941 kingo za ziwa hilo zilipasuka na maji yakafagia sehemu kubwa ya mji. Mwaka 2015 Lliuya aliishtaki RWE, kampuni kubwa ya umeme ya Ujerumani, katika mahakama ya Essen. RWE haikuwa na mtambo Peru. Hoja ya Lliuya ilikuwa kwamba moshi wa mitambo yao umeongeza joto, joto limeyeyusha barafu, ziwa limejaa, na nyumba yake iko hatarini.

Hakudai kampuni ilipe kila kitu. Alidai fungu la kampuni hiyo tu: asilimia 0.47 ya gharama za kuukinga mji, takriban euro 17,000. Namba hiyo ilitokana na utafiti wa Richard Heede, uliochapishwa mwaka 2013, uliofuatilia kumbukumbu za uzalishaji na kuonyesha kwamba wazalishaji wakubwa 90 wa nishati ya kisukuku (makaa ya mawe, mafuta na gesi) na saruji wanahusika na takriban asilimia 63 ya hewa ukaa na methani ya viwandani kati ya 1751 na 2010. Kabla ya hapo utetezi rahisi ulikuwa kwamba sote tunachafua, kwa hiyo hakuna wa kushtakiwa. Sasa kila kampuni ina fungu lake linaloweza kuhesabiwa. Kwangu mimi, hicho ndicho kitu kikubwa kuliko vyote katika sheria hii changa.

Essen walitupa kesi mwaka 2016. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ya Hamm ikasema kesi inastahili kusikilizwa kwa ushahidi, na Mei 2022 majaji na wataalamu wakasafiri hadi Huaraz kuliona ziwa na kuiona nyumba. Hukumu ilitoka tarehe 28 Mei 2025, na ina sehemu mbili ambazo lazima mzisome pamoja.

Ya kwanza ni kwamba mahakama ilikubali kuwa, kwa sheria ya mali ya Ujerumani, mchafuzi mkubwa anaweza kuwajibishwa kwa hatari ya tabianchi hata kama aliye hatarini anaishi bara jingine. Akikataa kabisa kuchukua hatua za kuizuia hatari hiyo, anaweza kutamkwa kuwa atabeba gharama kwa kadiri ya moshi wake. Maneno hayo hayakuwahi kutoka katika mahakama ya ngazi ile.

Ya pili ni kwamba Lliuya alishindwa. Mtaalamu wa mahakama alikadiria uwezekano wa mafuriko kuifikia nyumba yake ndani ya miaka 30 ijayo kuwa karibu asilimia 1, tena kwa maji ya kina kidogo yasiyoweza kuibomoa. Sheria ilimkubali. Nyumba yake ndiyo iliyoonekana haijakaa karibu na hatari vya kutosha.

Ndiyo maana nikiajiri kijana sasa simuulizi kwanza kama amesoma Mkataba wa Paris, ule wa mataifa juu ya tabianchi. Namuuliza kama anaweza kuchora ramani ya kiwanja. Nyumba iko wapi, kwenye mwinuko gani, maji yalifika dirisha lipi, nani alikuwepo. Ulizeni pia historia ya kabla, kwa maana wakili wa upande wa pili ataiuliza tu: je, mto huu haukufurika enzi za babu? Kama ulifurika, andikeni hivyo, kisha muulizeni mtaalamu ni nini kimeongezeka. Mteja anayeficha mafuriko ya zamani kwa kuhofia kuharibu kesi ndiye anayeiharibu.

Jambo jingine ni kalenda, na hapa najua uchungu wake uko karibu na nyumbani. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443. Novemba 2020 mashirika ya kiraia ya kwetu yalifungua kesi katika Mahakama ya Afrika Mashariki dhidi ya serikali za Tanzania na Uganda na Katibu Mkuu wa Jumuiya. Mkataba wa Jumuiya unatoa miezi miwili tu ya kufungua kesi. Novemba 2023 mahakama ikasema kesi imechelewa, kwamba ilipaswa kuletwa tangu makubaliano ya serikali hizo mbili ya mwaka 2017. Mazingira na tabianchi hayakufikiwa kabisa; kesi iliishia mlangoni. Siku unapopokea faili lolote, kabla hujasoma malalamiko, andika juu ya jalada tarehe ya tukio na tarehe ya ukomo wa kufungua kesi.

Paris nako, Februari 2023, kesi dhidi ya TotalEnergies, kampuni ya mafuta ya Ufaransa, juu ya mradi huohuo ilikataliwa kwa sababu madai yaliyofika mbele ya mahakama yalikuwa yametofautiana mno na barua ya notisi ya mwaka 2019, yaani barua ya kuionya kampuni kabla ya kuishtaki. Barua ya notisi huwa tunampa mgeni wa kazi aiandike, tukidhani ni kazi ndogo. Siku hizi naiandika mwenyewe.

Na msidharau ushindi wa taratibu. Lamu, Juni 2019, Baraza la Mazingira la Kenya, chombo cha kuamua mashauri ya mazingira, lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na tathmini ya mazingira haikuzingatia tabianchi inavyotakiwa. Hakuna aliyehitaji kuthibitisha fungu la moshi. Wavuvi na wazee walionyesha tu kwamba hawakuulizwa, na mtambo haukujengwa. Kuuzuia moshi ambao haujatoka ni rahisi kuliko kudai fidia ya uliokwisha toka.

Kuhusu wateja: msimwahidi mtu fidia. Kesi ya Lliuya ilichukua karibu miaka kumi. Bibi wa Pangani hana miaka kumi ya kutupa, na anastahili kuambiwa hivyo kwa lugha yake, mmekaa naye barazani, kabla hajaweka dole gumba kwenye hati ya kiapo. Msomeeni hati yote. Akisema, "Hapo sikusema hivyo, mwanangu," futeni, hata kama sentensi yenu ilikuwa nzuri zaidi.

Niliporudi Pangani mara ya pili nilingoja bamvua. Maji yalipokupwa mpaka mwisho nilishika ncha moja ya kamba kwenye kisiki, mjukuu wake akashika nyingine ukingoni, Bibi akasimama kati akihakikisha haijikunji. Tulipiga picha kamba ikiwa imenyooka, nikaandika saa na tarehe, jirani wawili wakatia sahihi. Nendeni na kamba ndefu kuliko mnavyodhani mtaihitaji.